Mkate wa Sista na Soda Niliyomwambia Mama Mdogo Aweke

Admin, nifichie jina. Mama mdogo ninayemsema ana simu ya tochi tu, haingii mtandaoni, lakini Koboko wanafahamiana.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nakaa Arua, nafuma sweta za wanafunzi kwa mashine. Shule niliishia senior four. Nina watoto wawili, na mama yangu alifariki mwaka jana. Watu husema mimi ni mpole. Leo nawaonyesha upande wangu mwingine.

Mama alimpikia sista mmoja wa Ireland pale misheni ya Ediofe kwa miaka mingi. Sista hakupenda mkate mweupe wa dukani, akamfundisha mama kuoka mkate wa kwao, wa rangi ya udongo: unga wa ngano usiokobolewa, chumvi, maziwa yaliyoganda, na badala ya hamira, ile soda ya unga mweupe inayouzwa kwenye vikopo pamoja na vitu vya keki. Sisi tuliuita mkate wa soda. Sista aliporudi kwao, mama aliendelea kuuoka nyumbani, ndani ya sufuria yenye mchanga chini na makaa juu ya kifuniko. Naviona bado vidole vyake kwenye beseni, vimeachana kama kucha za kuku. "Usikande, hii si chapati," aliniambia. Soda ikishakutana na maziwa, hakuna kwenda mlangoni kusalimia mtu. Alichora msalaba juu kwa kisu, akafunika. Ukiiva aliugeuza na kuugonga mgongoni kwa kidole. "Hodi," alisema, na sisi watoto tukaitika, "Karibu!"

Alipougua, miezi saba, hakutaka chakula kingine ila ganda la mkate huo lililolowekwa kwenye chai. Nilioka mimi. Mama mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, aliyeolewa Koboko katika ukoo wa wanajeshi, hakuja hata siku moja. Nilimpigia simu mpaka nikachoka. Mara ya mwisho alisema, "Barabara iko na vumbi sana, na mimi kifua inanisumbua." Jamani, barabara ya Koboko ni lami. Nyote mnaijua.

Kwenye mazishi alikuja. Kitenge kipya, kilemba kikubwa, akaomba kipaza sauti. "Ile mukate ya sista, mimi ndiyo nilikuwa napika," akawaambia waombolezaji. "Dada yangu, Mungu amulaze, kazi yake ilikuwa kuosha masufuria." Watu wakacheka kidogo, wengine wakapiga makofi. Mimi nilikuwa kwenye mkeka, kando ya jeneza, mkono wangu uko juu ya ubao. Tangu siku ile hilo neno masufuria linanifuata mpaka sokoni.

Sasa Sista amekuja kututembelea, mzee wa fimbo. Jumapili hii baada ya misa kuna chakula cha kumkaribisha Ediofe. Akina mama wa kanisa la Koboko wanaleta vyakula, na kwa kuwa walisikia hotuba ile ya mazishi, wamempa mama mdogo kazi ya mkate. Akakubali! Jumanne akanipigia.

"Mutoto yangu, uko muzima? Ile mukate ya sista, soda yake munawekaka ngapi?"

"Wewe ulikuwa unaweka ngapi, mama mdogo?"

"Aa, mimi nimezeeka, kichwa inasahau. Naona chupa moja inatosha. Sasa iko ile nyeusi ama ile ya machungwa?"

Chupa. Nilisimamisha mashine. Mtu aliyemfuta mama yangu mbele ya jeneza lake alikuwa anataka kumimina soda ya kunywa kwenye unga. Nilikuwa na nafasi ya kumsahihisha kwa neno moja.

"Ya machungwa," nikamjibu kwa sauti yangu ile ile ya upole. "Chupa mbili. Na maziwa usitie hata tone."

"Eh, mbili? Haitakuwa sukari?"

"Wazungu wanapenda."

"Haya. Wewe iko mutoto muzuri kuliko mama yako. Yeye alikuwa na choyo." Kisha akacheka. "Na kama inaharibika, nitasema marehemu ndiyo alinionyesha hivyo."

Akakata simu. Sitawadanganya, siku mbili nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu msiba. Nafuma huku naona kisu kikikataa kuingia, na uso wake chini ya kile kilemba. Lakini maneno yake ya mwisho yananichoma. Atafedheheka, halafu atajifutia fedheha kwa jina la mama yangu, mara ya pili, na sasa mbele ya Sista mwenyewe.

Kwa hiyo nimenunua unga. Maziwa niliyonunua kwa mama mmoja wa kule Dadamu yanaganda kwenye kibuyu. Jumapili alfajiri nitaoka wangu, nitaufunga kwa kitambaa, niende nao Ediofe. Jirani yangu anasema nimpigie mama mdogo nimwambie ukweli, ni damu ya mama. Nimeshika simu mara mbili. Mara ya kwanza nilishindwa. Mara ya pili sikutaka.

Ndugu zangu, msiniandikie nisamehe, hilo nimeambiwa na kila aliyekuja kutoa pole. Ninachouliza ni hiki. Nikifika pale, niufunue mkate wangu mapema, Sista ajue mkono wa mama yangu umebaki kwa nani, au nikae kimya nyuma na kitambaa changu mpaka mama mdogo amkatie Sista ule wa machungwa, autafune, na watu wote wamwangalie yeye aliyeuoka? Nishaurini, maana moyo wangu umeshachagua, na unanitisha.