Uvimbe wa Dada na Mguu wa Cherehani

Dada yangu ni fundi cherehani. Mguu wake wa kulia umekanyaga cherehani miaka ishirini na sita, mpaka kanyagio limelika upande wa kisigino. Tangu utotoni wanamwita Mtungi kwa unene wake. Mumewe alipoondoka alisema amechoka kulala na gunia. Wangu alinifukuza bila hata sufuria, na ni Mtungi huyohuyo aliyenipa kona nyuma ya marobota ya vitambaa. Kwa hiyo anayemcheka namjibu mimi.

Sindano ilimdondokea ikamchoma kidole cha mguu. Kidonda kilikuwa kama punje ya mtama, lakini wiki mbili hakikupona. Akaenda zahanati peke yake, akarudi, akaendelea kushona sare za shule.

"Wamesemaje?"

"Hamna kitu."

Siku ya ishirini nilisikia harufu chini ya cherehani. Nikapiga magoti. Kidole kimekuwa cheusi.

"Dada, unataka kuniacha na nani?"

Akaliacha gurudumu lizunguke lenyewe. "Daktari kasema nina uvimbe ndani, mwili mzima. Mama si alikufa na uvimbe? Niache nimalize sare za watu."

Nilimkokota hivyohivyo hadi zahanati, uzi ukining'inia begani kwake.

Daktari, binti wa rika la mwanangu, akashika kichwa. "Mama! Sikusema uvimbe wa kansa. Nilisema mwili unawaka ndani kwa ndani."

"Wewe ulisema uvimbe," dada akamjibu. "Na mimi uvimbe ninaoujua ni mmoja."

Binti akavuta kiti, safari hii akaeleza taratibu. Mafuta ya tumboni yakizidi, chembe zake hujaa mpaka nyingine hufa. Chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, hukimbilia huko kama kumeingia mwizi. Mwizi hayupo, lakini hawaondoki. Wanamwaga sumu zao palepale. Mwili unakuwa kiziwi, hausikii insulini ikiuambia upokee sukari, na sukari inabaki kwenye damu.

"Na kwenye kidonda, penye kazi?" nikauliza.

"Huko wanavurugana tu. Kidonda hakifungi."

"Kelele nyingi, kazi hamna," dada akasema. "Kama shemeji yako."

Nilicheka, yeye akalia. Kisha akauliza alichokuwa anakiogopa: "Mguu utabaki?"

"Ungerudi siku niliyokupangia, tungeokoa vidole. Sasa viwili vinakatwa. Mguu siahidi."

Vikakatwa hospitalini. Alipozinduka hakuuliza kingine.

"Kisigino kipo?"

"Kipo."

"Basi cherehani naikanyaga."

Neno moja lilimla vidole viwili, na aliyelitamka ana vyake vyote kumi. Sasa dada anashona, anameza dawa za sukari, anatembea asubuhi. Bandeji nafungua mimi. Kila siku, kabla sijaigusa, nainama kwanza nanusa.