Picha ya Krismasi na Bangili ya Mama Mkwe

Mimi si mtu wa kutulia. Nilizaliwa hivyo, na walionisuka nywele utotoni walinizaba vibao vya mabega kwa sababu hiyo hiyo. Lakini ile Desemba ya vita vya Kagera ilinimaliza kabisa. Nilianza kufagia chumba, nikaacha fagio katikati, nikaenda mlangoni kuchungulia mtaa, nikarudi na kuliruka fagio langu mwenyewe. Binti yangu wa miaka mitano akiniuliza, "Mama, unatafuta nini?" namjibu, "Hebu niondokee hapa!" Maskini, sikuwa natafuta kitu. Nilikuwa na uongo ndani ya nyumba, na uongo ule haukuniacha nikae.

Uongo wenyewe ni huu. Mume wangu alikuwa askari. Kambini nyumba za familia hazikutosha, kwa hiyo tulipanga Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Chumba kimoja chetu, cha pili cha mama yake, ambaye tulimleta kutoka Masasi alipozeeka, maana hakuwa na mtoto mwingine. Vita ilipoanza mume wangu aliitwa alfajiri, akaondoka chai ikiwa bado inatoa moshi kikombeni. Wiki ya pili mama yake akaanza homa. Wiki ya tatu tukamzika, hapa hapa Dar, na mwanawe wa pekee hana habari.

Kwetu mtu aliye mbali hapelekewi msiba kwa barua. Husubiriwa afike, akalishwe chini, ashikwe mikono na watu wazima, ndipo aambiwe. Hilo nililijua tangu mdogo. Ila mtu wa mbali niliyemjua mimi alikuwa ameenda Tanga kuuza nazi, si vitani. Nikasema labda huyu aambiwe, ni mama yake bwana! Mama mwenye nyumba, bibi mmoja wa Kilwa, mnene, mcha Mungu, mwenye sauti ya kuamuru hata paka, akanikata kauli.

"Mwanangu, yule ana bunduki mkononi. Ukimwambia mamaye kafa, atakwenda kupigana au atakwenda kufa?"

Ikakubaliwa kwamba niandike mama amekwenda Masasi, mvua zimeanza, hakutaka shamba lake lilale. Na mwandishi ni mimi, kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Nikaandika. Barua niliianza mara tatu.

Mama mkwe aliacha kitu kimoja cha maana, bangili ya shaba. Alivishwa na nyanya yake akiwa mwali, mkono ukakua, bangili ikabaki hapo hapo miaka yote. Haikupita kwenye vifundo vya vidole. Mume wangu alinihadithia kwamba alipokuwa mdogo alikuwa akiivuta ili aichezee, mama yake anacheka, anamwambia, "Hii hutoka siku moja tu, na siku hiyo wewe utakuwa unalia." Ilitoka kweli, wanawake walipokuwa wanamwosha, kwa sabuni kidogo tu. Siku ya kuanua matanga shangazi yake mume wangu akaichukua akanivisha mimi, mkono wa kushoto. "Wewe ndiye mkamwana. Usiivue mpaka arobaini ipite." Sikuivua. Siku za kwanza ilinilemea kama nimebeba ndoo. Baadaye nikaizoea, na kuizoea huko ndiko kulikoniponza.

Katikati ya Desemba ikaja barua yake. Aliandika kwamba kule ni mvua na matope, viatu havikauki, lakini wote wazima. Krismasi inakaribia na wenzake wanaletewa picha kutoka makwao, wanazipitisha mkono kwa mkono, yeye hana cha kupitisha. Basi tumtumie picha. Na kama sukari inapatikana, mama mwenye nyumba amkaangie visheti. Mwishoni akaandika: "Mama mwambieni asishike jembe zito. Mimi nikirudi nitamlimia."

Nililia uani nimejificha nyuma ya kanga zilizoanikwa. Mama mwenye nyumba akanifuata. Hakunibembeleza. Alisema, "Futa kamasi, tutafute sukari."

Sukari siku zile ilikuwa habari nyingine. Tulipanga foleni duka la ushirika toka jua halijachomoza, na ikifika zamu yako unaambiwa imekwisha, njoo kesho. Mama mwenye nyumba akapita chumba kwa chumba na bakuli. Nyumba nzima Waislamu watupu isipokuwa sisi, na kila mlango ulitoa. Wa chumba cha mbele, fundi cherehani, alikunywa chai ya chumvi wiki ile, na kila asubuhi alihakikisha namwona akiinywa. "Krismasi hii ni ya nyumba," mama mwenye nyumba akatangaza. "Atakayeficha sukari nitamhamisha!" Akakaanga visheti uani, akaviviringisha kwenye shira mpaka vikang'aa. Nilitaka kuonja kimoja, akanichapa mkono kwa mwiko.

Picha tukaenda kupiga mtaa wa Mchafukoge, kwa Mhindi mmoja mzee aliyekuwa na studio ndogo chini ya ghorofa la familia yake. Lakini kwanza nyumba ilinikagua. Kitambaa cheusi cha msiba, vua. Gauni la kuazima lenye maua makubwa, vaa. Macho yamevimba, kaoshe na maji ya baridi. Fundi cherehani akaniamuru nicheke ukumbini, nikacheka, akasema, "Huyo analia, jaribu tena." Mtoto tukamkanya asiropoke neno juu ya bibi, ingawa picha haisemi. Akili ilitutoka kiasi hicho, tukawa tunaiogopa picha isije ikaropoka.

Nilimwamkia yule mzee shikamoo, akaitikia, akaniuliza picha ni ya nini. Nikamwambia ya baba yake huyu, yuko vitani. Akaacha alichokuwa akifanya. Akatupangusia benchi, akatuweka mbele ya pazia lenye mchoro wa maua, akatazama kwenye kamera yake, akatoka tena. "Mama, mkono huu hapa, begani kwa mtoto. Aone kwamba mtoto ana mtu." Akauchukua mkono wangu wa kushoto kwa adabu, akauweka. "Sasa cheka. Cheka vizuri, yeye anakuangalia." Nikacheka. Haki ya Mungu, siku ile nilicheka.

Vifurushi vya askari vilikusanywa ofisi ya tawi la chama mtaani kwetu. Tukafunga bati la visheti, picha ikalala juu ndani ya bahasha, fundi akalishonea bati gunia kwa uzi wa mkonge. Nikalikabidhi asubuhi, nikaona mkokoteni ukipakiwa, unaondoka kuelekea stesheni, nikarudi nyumbani mwepesi. Siku hiyo nilikaa. Nilikaa kabisa, uani, nikafua gauni la mtoto na kuimba.

Povu likapanda mkononi, bangili ikateleza, ikagonga beseni. Ngo!

Nikaitazama. Ikanitazama.

"Mama mwenye nyumba!" nikapiga ukelele. "Mama, njoo! Mkono! Mkono wangu uko kwenye picha!"

Alikuja mbio akidhani nimekatika. Nilipomwonyesha bangili alishika kichwa kwa mikono miwili, akakaa juu ya kinu. Watu wote walionikagua, macho yote yale, hakuna aliyeona. Tulikuwa tumeizoea. "Kimbia," akasema. "Kimbia mwanangu, treni haiondoki kabla ya jioni."

Nilikimbia pekupeku, povu mpaka viwikoni. Nilikatiza kwenye soko jipya, nikampiga kikumbo mchukuzi wa magunia, akanitukana, nikamtukana. Nikapita Mchafukoge, mbele ya ile ile studio, kifua kinawaka. Stesheni vifurushi vilikuwa vimerundikwa mbele ya behewa, na askari mmoja mwenye karatasi anavihesabu. Watu wamejaa, kila mtu ameleta cha kwake, sigara, sweta, kuku hai.

"Afande, naomba kifurushi changu," nikamwambia. "Nimetia kitu kimakosa."

"Kitu gani?"

Hapo ndipo niliposhikwa. Ningesema nini? Kwamba nimepigwa picha na msiba mkononi? Mbele ya watu wale wote, na yeye askari, na wengine kwenye treni hiyo hiyo wanakwenda kuungana na mume wangu? Neno moja tu, lingemfikia kabla ya bati.

"Visheti," nikasema. "Havikuiva."

Loo! Waliokuwa nyuma yangu walinishukia. Mama mmoja akasema, "Wenzio wanatoa, wewe unakuja kuwanyang'anya?" Mwingine akasema nimekumbuka sukari yangu. Yule askari hakukasirika, akanipigapiga bega. "Nenda nyumbani, mama. Sisi tunakula hata visivyoiva." Akageuka, wakaanza kupakia. Niliona gunia letu, na ule uzi wa mkonge, likirushwa ndani kama mzigo wa mtu yeyote. Nilisimama pale mpaka behewa likafungwa.

Sijui kama ninaweza kueleza wiki zile. Krismasi nilikwenda kanisani nikatoka mara nne, mzee wa kanisa akadhani tumbo linaniuma. Redio ya fundi ikipiga nyimbo za kuwatia moyo vijana wa mpakani, namwambia aizime. Akiizima, namwambia aiwashe, pengine watasema kitu. Nilimwona mume wangu amekaa kwenye tope na picha mkononi, amenyanyuka bila kuangalia, amepigwa. Nilimuua hivyo kila siku, na muuaji nilikuwa mimi na mkono wangu wa kushoto. Arobaini ilipopita niliivua bangili nikaifungia sandukuni, lakini ya nini tena?

Barua ikaja Januari. Mama mwenye nyumba alinishika kiuno nilipokuwa naifungua, nisije nikaanguka.

"Picha nimeipata siku ya mkesha. Mmependeza sana. Mtoto amekua. Visheti tumekula na wenzangu mpaka shira ya chini ya bati. Mshukuruni mama mwenye nyumba. Mama msalimieni sana huko Masasi, mwambieni mvua isimchoshe."

Nilisoma mara tatu kwa sauti. Kisha nikaruka ukumbini, gauni nimelikamata, mama mwenye nyumba akapiga vigelegele, fundi akatoka na mkasi mkononi. Hakuona! Wanaume jamani! Unaweza kujinyoa nyusi moja ukamwandalia chakula, akala, akakwambia kitamu. Nilimcheka miezi yote ile, na kila barua nilimwandikia habari za shamba la mama yake, mahindi yamebeba, nguruwe mwitu wamesumbua. Naye kila barua alimsalimia. Nikawa fundi wa uongo, hata kulala nililala.

Vita ikaisha, na baada ya muda mrefu wakaanza kurudi. Aliingia Mtaa wa Sikukuu saa tisa alasiri, mwembamba, begi begani. Mtoto alimkimbia kwanza, hakumjua. Tulimlaki, tulimpa maji, akaoga, akala. Kisha mama mwenye nyumba akatandika jamvi ukumbini kama ipasavyo. Akamkalisha, akamshika mkono mmoja, fundi akamshika wa pili. Mimi nikasimama mlangoni, siwezi kukaa.

"Mwanangu," mama mwenye nyumba akaanza, na ile sauti yake ya kuamuru ikakatika. "Mwanangu, safari uliyotoka ni ndefu..."

"Najua, mama," akasema.

"Hujui, baba. Nisikilize."

"Najua. Tangu mkesha wa Krismasi."

Akauchomoa mkono wake taratibu, akafungua mfuko wa shati, akatoa picha. Ilikuwa imekunjika pembe zote. Uso wangu ulikuwa mzima, na kile kicheko changu. Uso wa mtoto mzima. Begani kwa mtoto, pale penye mkono wangu, picha ilikuwa imechujuka, imebaki weupe tu. Alikuwa amepagusa kwa kidole miezi yote ile.

Nilitaka kumwomba radhi, badala yake nikamgombeza. Ndivyo nilivyo. "Sasa mbona uliandika salamu? Kila barua, msalimieni mama, msalimieni mama! Ulikuwa unanicheza shere?"

Alinitazama bila hasira. "Niliona ulivyojitahidi kucheka. Ningekuandikia kwamba najua, wewe ungelala?"

Nilikaa chini pale pale mlangoni.

Akamgeukia mama mwenye nyumba. Alisema siku ile ya mkesha aliwaambia wenzake, nao wakamkalisha chini ya turubai, wakamshika mikono, wakakaa naye siku tatu kwa zamu. Padre hakuwepo, shehe hakuwepo, aliyejua dua aliomba yake. Chakula cha kuwapa watu waliokuja kumpa pole hakikuwepo. Kulikuwa na bati.

"Visheti vyako ndivyo tulivyokula matangani, mama."

Mama mwenye nyumba alifunika uso kwa upande wa kanga yake. Kisha akauliza kutoka ndani ya kanga, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Vilitosha?"

"Vilitosha," mume wangu akasema. "Kila aliyekuja alipata."