Ringi ya Baiskeli Kwenye Malisho

Jumanne, tarehe 9 Aprili. Manyunyu tangu alfajiri, mawingu yametanda, upepo hakuna.

Siku kama hiyo mfugaji yeyote hutamani kumwaga mbolea. Mume wa Bi Vipimo alikuwa amekokota mifuko miwili ya urea kwa baiskeli mwendo wa saa nzima. Aliishusha kibarazani akihema, akatangaza kuwa mashamba yote mawili ya malisho, la juu na la chini, yatapata mbolea kabla ya mchana.

Bi Vipimo ni jirani yetu mwenye ng'ombe watatu wa maziwa. Jina hilo alipewa kwa sababu hata chumvi ya ng'ombe huipima kwa kijiko. Hakubisha papo hapo. Alisuuza ndoo, akazifunika, ndipo akamkumbusha mwenzake ya mwaka jana. Lile la juu lilipewa mfuko mzima kwa mkupuo. Nyasi zikafika magotini, klova, mmea wa jamii ya kunde uliokuwa chini yake, ikakosa jua, ikafifia. Baadaye nyasi zikakomaa, ng'ombe wakawa wanachagua-chagua, maziwa yakapungua. La chini bado lilikuwa na klova aliyoipanda kwa mkono miaka minne iliyopita, inayojitengenezea naitrojeni mizizini na kuzigawia nyasi. Hiyo ndiyo aliyoihofia.

"Mbolea ikikaa stoo itaganda iwe jiwe, mama," mume alisema.

"Igande. Jiwe nitalitwanga. Klova ikifa nitaitoa wapi?"

Wakakubaliana ringi iamue. Ni ringi kuukuu ya baiskeli, ambayo Bi Vipimo huirusha mara kumi malishoni na kutazama kilichomo ndani. Klova ikijaza theluthi ya ringi katika mirusho mingi, mbolea haiingii. Safari hii, kwenye lile la chini, alitaka mume arushe mwenyewe. Mara tatu za kwanza ringi iliangukia nyasi tupu karibu na lango.

"Unarusha kama mtu anayelijua jibu," mke alimwambia. "Hebu geuka, anza upya."

Akageuka, akarusha kupitia begani. Mara moja ilitua juu ya kinyesi kibichi, na Bi Vipimo alicheka hadi akachuchumaa. Lakini hesabu alifanya mume mwenyewe. Kati ya kumi, saba zilikuwa na theluthi au zaidi. Alipangusa ringi kwa majani.

"Haya, la chini liache. La juu je?"

"La juu nakupa robo mfuko. Ng'ombe wakishakula tena, robo nyingine."

Mume alinung'unika kuwa hiyo ni kunyunyiza chumvi, si kuweka mbolea, ila alikuwa anatabasamu.

Asubuhi iliyofuata, umande ulipokauka majanini na udongo ungali na unyevu, Bi Vipimo alimpimia mumewe robo mfuko. Akamtangulia kule juu, akichomeka vijiti kila hatua tano ili asipite mstari mmoja mara mbili. Walipomaliza, alishuka kuwafungulia ng'ombe lango la chini.