Chokaa ya Shaabani

Juzi nilikwenda Mji wa Kale kumpelekea shangazi dawa zake, na wakati wa kurudi miguu ikanipeleka yenyewe kwenye kichochoro chetu. Sikuwa nimekusudia. Nawe kama umewahi kuhama nyumba uliyozaliwa, wajua kwamba miguu haina habari na mambo ya kuhama. Nikajikuta nimesimama palipokuwa na nyumba ya nyanya, mama yake baba. Umebaki ukuta mmoja tu, ule wa upande wa jirani. Hauna paa wala mlango, na mpapai umeota palipokuwa jikoni. Saruji iliyopakwa ukuta ule imebanduka mapande mapande, na chini yake chokaa ya zamani bado imeng'ang'ania mawe. Niliokota kipande kilichoanguka, kikubwa kama kiganja changu, nikakifunga kwenye kitambaa na kukitia mkobani.

Nikueleze habari ya chokaa hiyo, maana watoto wangu nikiwaeleza hunitazama tu.

Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko ambazo vichwa vyake vimezama ndani ya ukuta. Nyumba kama hiyo haijengwi ukaisahau. Kila mwaka, mwezi wa Shaabani, hupakwa chokaa upya ndani na nje. Nyanya alikuwa akisema Ramadhani ni mgeni mkubwa, na mgeni mkubwa hapokelewi na nyumba isiyooga.

Sipendi watu wanaohadithia utoto wao kana kwamba ulikuwa karamu tupu. Kupaka chokaa ilikuwa kazi ya sulubu. Mabonge ya chokaa yalikuja na mkokoteni, baba akayamimina ndani ya pipa uani na kuyamwagia maji, na pipa likaanza kutokota lenyewe bila moto, likitoa mvuke na kukoroma kama mtu aliyeshiba. Sisi watoto tulikatazwa kusogea, na kwa hivyo tulisogea. Baada ya kulala siku kadhaa chokaa ilikuwa imepoa na kulainika kama samli. Mama aliichuja kwa leso kuukuu. Nyanya akatia chumvi ili ishike, kisha akatia nili ile ya kufulia, kidogo tu, ili weupe wake upoze macho. Kipimo cha nili hakumwachia mtu. Mwaka ule shangazi alipoolewa, nyanya alitafuta rangi nyekundu akaichanganya, nyumba ikatoka waridi, na kichochoro kizima kikawa na la kusema mpaka Idi.

Kabla hatujashika burashi, zile za makumbi ya nazi yaliyopondwa na kufungwa kwenye kijiti, nyanya alitupaka mafuta ya nazi mikononi mpaka kwenye viwiko, kwa sababu chokaa hula ngozi. Mikono yake mwenyewe hakuipaka. Ilikuwa imekauka na kupasuka vidoleni, na alipokusugua mgongo ukiwa na homa ulihisi kama unasuguliwa kwa dodoki. Hata leo nikiugua, mkono ninaoutamani ni ule.

Na siku ya chokaa jiko haliwashwi. Hii ilikuwa sheria ya mtaa, hakuna aliyeiandika. Nyumba inayopakwa hulishwa na jirani. Asubuhi yalikuja mahamri na mbaazi za nazi kutoka nyumba ya kushoto. Mchana mwenye duka wa upande wa pili, Muhindi ambaye familia yake ilikuwa pale tangu kabla ya yetu, alimtuma mkewe na sinia la wali na dengu na achari ya embe iliyokuwa ikitutoa machozi. Tulikula uani tumechuchumaa, nyusi zetu nyeupe, na nyanya akatucheka kwamba tumezeeka kumshinda. Zamu ya jirani ikifika, mama naye aliinua sinia lake. Harufu ya chokaa mbichi ikichanganyika na ya nazi, hiyo ndiyo iliyokuwa Shaabani kwetu.

Jioni, kazi ikiisha, nyanya alikuwa akisimama mbele ya mlango mkubwa na kuupangusa matone kwa pindo la leso yake. Maneno yake hapo yalikuwa yale yale kila mwaka. "Babu yenu alitoka mlango huu, na mamangu alitoka mlango huu. Nami mutanitoa papa hapa." Alikuwa akiyasema huku akitafuna hamri lililobaki, bila huzuni, kama mtu anayeagiza chai. Hakuwa na matakwa mengi duniani. Hilo moja alilirudia mpaka tukalijua kama sura za kisomoni.

Sasa nimfikie baba. Baba alikuwa mfanyakazi wa gati kule Mbaraki, na katika maisha yake aliamini vitu viwili baada ya dini yake: mama yake na saruji. Kila siku aliiona ikishuka melini, akaona magorofa ya mjini yakiinuka kwayo, makavu, yamenyooka, hayamsumbui mtu. Kisha alirudi nyumbani akamkuta mama yake, mwanamke mzee, yuko juu ya ngazi ya mti na burashi mkononi. Jambo lile lilimuuma. Mwaka mmoja alijinyima mengi, hata kanzu ya Idi hakushona, na kabla ya Shaabani kuandama akaleta mifuko ya saruji na mafundi wawili.

Nyanya alitoka barazani akaitazama ile mifuko.

"Mwanangu, hiyi ya nini?"

"Ni ya kuta, mama. Tukishapaka hii, hutashika chokaa tena maisha yako."

"Nani alokwambia nimechoka?"

"Mikono yako, mama."

Nyanya akaitazama mikono yake, kisha akaificha ndani ya leso. "Nyumba hiyi huvuta pumzi," akasema. "Wataka kuiziba pua?"

Baba akacheka kwa adabu, akambusu mkono. Palikuwa na nyufa kadhaa upande wa chumba cha nyanya, akamwonyesha. "Usipoziba ufa utajenga ukuta, mama. Si wewe ulonifunza?" Na mama ambaye mwanawe amejinyima kwa ajili yake atasema nini? Akawapisha njia. Mafundi wakaanza kukoroga.

Nyumba ilipendeza, tusidanganyane. Kuta zililainika mpaka ukipitisha kiganja hakikwami, zikapakwa rangi ya mafuta yenye weupe wa maziwa, na watu walikuja kumpa baba mkono. Shaabani ilipoandama hapakuwa na pipa uani. Hapakuwa na sinia pia, kwani nyumba isiyopakwa ina njaa gani? Mwaka uliofuata mama alipeleka chakula kwa jirani siku ya chokaa yao, lakini sisi hatukuwa na siku ya kuletewa, na polepole hata kupeleka kukapungua. Nyanya alikaa barazani mikono imelala mapajani. Nilidhani anapumzika. Kumbe alikuwa hana la kufanya, na kwa mtu kama yeye hayo ni maradhi.

Mambo hayakuharibika siku moja. Kwanza rangi ilitoa malengelenge karibu na sakafu, ukiyabonyeza yatoa maji ya chumvi. Kisha ikaja harufu ya uvundo ambayo udi haukuiweza, na nguo za kabatini zikashika ukungu wa kijani. Nyanya akaanza kukohoa. Unyevu uliokuwa ukitoka ukutani kila siku bila kuonekana ulikuwa umefungiwa ndani, na ulipokosa pa kutokea ukapanda juu, jiwe kwa jiwe, ukitafuta vichwa vya boriti. Haya nayajua leo. Wakati ule tuliona ufa, na baba alipoona ufa alileta saruji. Kila ufa mpya aliuziba mwenyewe siku ya mapumziko, magoti chini, kwa uangalifu wa mtu anayemfunga mtoto kidonda. Na kadiri alivyoziba, ndivyo alivyozidi kuyafungia maji ndani. Nikikumbuka magoti yale siwezi kumkasirikia, ingawa nimejaribu.

Ilikuwa masika, karibu na adhana ya adhuhuri. Nyanya alikuwa ameshuka uani kutawadha. Tulisikia mlio mmoja kama wa kuti kavu likivunjika, kisha kishindo, kisha vumbi likashuka ngazi likiwa zito kama uji. Dari ya chumba chake ilikuwa imelala juu ya kitanda chake. Nyanya alibaki na birika mkononi, maji yakimiminika chini, akasema "Alhamdulillahi." Baba alipanda juu ya kifusi. Alichukua kipande cha boriti na kukichokoa kwa kidole, na kidole kikazama kama kinachokwenda ndani ya mkate uliorowa. Alikichokoa tena na tena. Mama alimwita ashuke, hakushuka.

Fundi aliyeitwa alisema boriti zote za upande ule zimekwenda, na nyumba hailaliki. Kifusi kilibebwa na lori kikatupwa Kibarani pamoja na taka za mji. Sisi tukapanga Tononoka, orofa ya tatu, vyumba viwili vyenye kuta nyembamba za matofali ya saruji. Nyanya alipewa chumba chenye dirisha. Hapakuwa na baraza, na watu wa ngazini walipishana bila salamu, kwa hivyo aliacha kutoka.

Kila jioni baba alirudi kutoka Mbaraki akapitia kwanza kwa mama yake. "Shikamuu, mama." "Marahaba, mwanangu. Ukuta umekauka?" Kwa maana baba alikuwa amemwambia kwamba ukuta ukishakauka ataubandua saruji, atatia boriti mpya, na watarudi. Huenda aliamini hivyo mwanzoni. "Bado kidogo, mama," akamjibu. Nilikuwa nikifanya kazi za shule mezani, na maneno hayo mawili niliyasikia kila magharibi. Ukuta umekauka? Bado kidogo. Baba alikuwa akitoka chumbani na kwenda kunawa uso hata kama alikwisha kuunawa.

Kikohozi kilimchukua nyanya kabla ya Ramadhani nyingine. Siku ya mwisho hakumtambua shangazi, hakunitambua mimi, lakini baba alipoingia alimuuliza swali lile lile, na baba akampa jibu lile lile.

Ngazi za nyumba ile zilikuwa na kona kali. Wanaume walipanda na jeneza, na jeneza likakataa kupinda. Wakalijaribu hivi na hivi, wakigonga ukuta, wakisema polepole, polepole, mpaka mzee mmoja akaamuru lirudishwe chini. Basi nyanya alishushwa mikononi, amezongwa kwenye mkeka wake juu ya sanda, orofa hata orofa, baba ameshika upande wa kichwa. Wapangaji walifungua milango kutazama. Nilikuwa juu nimeshika reli, nikakumbuka ule mlango mkubwa na pindo la leso likiupangusa. Alitaka kitu kimoja tu, na tulishindwa kumpa.

Baba sasa ni mzee, yuko kwangu. Hajawahi kulizungumza jambo hili na mtu yeyote, lakini akiingia nyumba ya watu, hata ya harusi, huweka kiganja ukutani kwanza. Watu hudhani anajiegemeza kwa uzee.

Shaabani ya mwaka huu imeangukia kaskazi, jua kali na upepo mkavu. Imeingia kwa ujumbe wa simu, picha ya fanusi na dua, umetumwa na watu ambao sijawatia machoni miaka. Hakuna pipa linalokoroma popote. Mwenye duka alikwenda kwa wanawe ng'ambo, na nyumba ya kushoto imekuwa hoteli ya wageni, imepakwa chokaa ya dukani ili ionekane ya kale. Sinia la mama ninalo, liko juu ya kabati, nimewekea dawa za baba.

Nilipofika nyumbani juzi nilikifungua kitambaa na kumwekea baba kile kipande mezani. Macho yake hayaoni vizuri tena, akakishika kwa vidole. Upande mmoja ni saruji, ya kijivu. Ule mwingine ni chokaa, tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama maganda ya kitunguu, na ukikitazama ubavuni waona weupe wa samawati, mwaka kwa mwaka, na katikati mstari mmoja wa waridi. Sikumwambia kimetoka wapi. Alipapasa saruji, akaacha. Akakigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya chokaa, akakinusa, kisha akakibana baina ya viganja viwili, kwa muda mrefu, kama afanyavyo kwenye kuta za watu. Adhana ya magharibi ilikuwa imeanza, na ni saa ile ile aliyokuwa akiingia chumbani kwa mama yake.

"Umekauka," akasema, na hakuwa akisema nami.