Nje ya Nyumba ya Nalotuesha

Jumamosi, tarehe 11 Julai 1998, alasiri, Eunike alimbeba mama yake na kumlaza nje ya nyumba, katika boma lao karibu na Endulen. Hilo limethibitishwa na wote waliokuwapo.

Mama huyo, Nalotuesha, alikuwa na saratani ya tumbo isiyotibika tena. Kwa desturi ya Kimaasai, anayekaribia kukata roho hutolewa nje, kwa kuwa nyumba aliyofia mtu huhamwa. Lakini Nalotuesha alikuwa bado anaongea, tena anatania, na baridi ya Julai haimhurumii mgonjwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba kutolewa mapema.

"Unamuua Yeyo, nawe mwimba kwaya!" Supeet, kaka yake Eunike, alimfokea.

Yeyo, mama yao, alimjibu kabla ya binti. "Nyumba hii niliikandika mimi. Wewe ulileta samadi hata kiganja kimoja? Basi nyamaza."

Eunike hakutulia. Alimfunika kwa mablanketi mawili, akaingia ndani, akatoka na la tatu.

"Mwanangu, nilisema nje. Sikusema unifungashe kama mzigo wa mnadani."

"Yeyo, Mungu nitamwambia nini?"

"Mwambie niliomba mimi."

Eunike aliondoa blanketi moja, akalikunja, akalikunjua, akabaki amelikumbatia ubavuni mwa mama yake. Alfajiri, hapo hapo nje, Nalotuesha akafariki.

Nyumba haikuhamwa, Eunike anaishi humo. Amewauliza wauguzi, amemuuliza na mchungaji. Kama mama yake aliuawa na saratani au na baridi, haijulikani.