Bakuli la Sambaza

Siku ile nyumbani kwetu tulikuwa sita. Shangazi, dada yake baba, alikalia kiti pekee chenye mgongo na mkoba wake ukawa magotini, kwa sababu alikuja kuchukua mtoto na hakutaka kukawia. Mwalimu wa darasa la kwanza, aliyeitwa na shangazi, alikaa kwenye benchi karibu na mlango. Mama jirani, muuza samaki, alikuwa amesimama. Yeye hakai kwa watu kabla hajamaliza alilolijia. Mdogo wangu anayenifuata, msichana wa sekondari, alikuwa kizingitini anamenya viazi na kusikiliza kila neno. Kitindamimba wetu, ambaye habari zote zilimhusu yeye, alijificha nyuma yangu akiwa ameshika suruali yangu. Na mimi, mkubwa wao, niliyeacha shule mwaka ule mama alipomfuata baba kaburini.

Shangazi alikuwa amepata habari kwamba mtoto anasinzia darasani na kwamba amekonda. Kwake Busasamana kuna shamba na ng'ombe. Alikuwa amekwisha kuamua.

"Sisemi umekosa," aliniambia. "Nasema wewe ni kijana mwanamume. Nani alikufundisha kumfungia mtoto chakula cha shule?"

Swali hilo halikunikasirisha, kwa sababu nilishaulizwa mara nyingi, tena kwa kejeli. Shule ya kitindamimba ilikuwa bado haijajengewa jiko, kwa hiyo kila mtoto alikwenda na chakula chake. Mjumbe wa afya wa mtaa wetu alipoita akina mama awaeleze lishe ya watoto, nilikwenda nikakaa nyuma, na wakacheka: "Mama mwenye ndevu amefika!" Nilicheka nao, lakini nilisikiliza. Alisema sahani ya mtoto iwe na cha kutia nguvu, cha kujenga mwili na cha kukinga maradhi, na visiwe vilevile kila siku. Nilirudi nyumbani nikifikiri nitavitoa wapi.

Kazi yangu ni kupakua mboga sokoni. Magari yanakuja na karoti, kabichi na vitunguu kutoka juu kwenye mashamba, na karoti iliyovunjika hakuna anayeinunua, kwa hiyo tunaachiwa sisi wapakuaji. Cha kukinga maradhi kikawa kimepatikana. Viazi tulikuwa navyo. Nilijifunza kubadilisha: leo viazi ulaya, kesho viazi vitamu, kesho kutwa ndizi, na dodo, yaani mchicha, zikipatikana nazikaanga na kitunguu mpaka zikauke, zisitoe maji ndani ya kopo la chakula na kulowesha daftari. Parachichi nilikuwa silikati. Nililiweka zima na kijiko kando, maana likikatwa asubuhi, saa sita limekuwa jeusi na mtoto halitaki. Hayo hakunifundisha mtu. Niliyajua kwa kuangalia kilichorudi ndani ya kopo jioni.

Mdogo wangu wa sekondari, anayeniita yaya kama kaka mkubwa anavyoitwa kwetu, hakukosa la kusema. "Yaya, karoti tena? Sisi tutaota masikio marefu."

Kilichokuwa kigumu ni cha kujenga mwili. Maharagwe yalikuwepo, lakini si kila siku, na hapo ndipo mama jirani alipoingia. Asubuhi mitumbwi ikirudi, alikuwa ananiletea sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, wamejaa kwenye bakuli lake la bati lenye maua mekundu. Hakuniuliza kitu. Nami bakuli la mtu silirudishi tupu. Kwetu ni aibu. Ni kama kumwambia aliyekupa kwamba umekula ukamaliza na yeye umemsahau. Nilikuwa narudisha na karoti zangu zilizovunjika.

"Lakini we mutoto," alikuwa ananiambia, "unanifanya sungura!"

Basi nilikaanga sambaza mpaka wakakauka, nikawapanga juu ya viazi. Ila kuna jambo ambalo sikulielewa. Siku za maharagwe, kitindamimba alirudi ameshiba. Siku za sambaza alirudi ana njaa ya kutetemeka. Niliona labda mwili unakua na unataka zaidi, nikaongeza sambaza. Kadiri nilivyoongeza, ndivyo alivyozidi kurudi na njaa. Nilimuuliza kama hapendi samaki, akasema anapenda sana. Nilimuuliza kama anamaliza, akasema kopo linaisha. Yote mawili yalikuwa kweli.

Siku ile mbele ya shangazi niliyasema hayo yote, na nilijisikia ninavyosikika: kama mtu anayejitetea.

Mwalimu alikohoa. Alikuwa mgeni kwetu. Alikulia Tanzania na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, na kwa kuwa kitindamimba alikuwa bado hajazoea Kiingereza cha darasani, alimsemesha Kiswahili.

"Mimi nilidhani nyumbani mmemfundisha ukarimu," alisema. "Nilitaka hata kuja kuwapongeza."

"Ukarimu gani?" niliuliza.

"Kuna siku akifungua kopo, ananitazama, anasema: 'Sambaza!' Wapo watoto wanaokuja bila chochote. Basi nachukua, nawasambazia wenzake wale dagaa wote, na viazi pia. Yeye anabaki na kidogo. Siku nyingine hasemi, basi simgusi."

Kisu cha viazi kilianguka kizingitini, na mdogo wangu akajifunika uso kwa kanga.

"Ayii, Madamu!" mama jirani alipiga makofi. "Sambaza ni jina yake! Ni samaki! Mutoto iko anakuonyesha chakula, we unagawa!"

Mwalimu alishika kichwa. "Kwetu ni dagaa," alisema, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, na kila alipotaka kuomba radhi kicheko kilimrudia. Nilimwinamia kitindamimba nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ni Madamu," alijibu, akishangaa kwamba nauliza.

Shangazi peke yake hakucheka. "Bon," alisema, "leo ni neno. Kesho itakuwa nini? Huyu kijana anabeba magunia. Akiumia mgongo, mtoto atakula nini?"

Nilihisi mkono mdogo ukikaza suruali yangu.

Mama jirani ndiye aliyejibu, na bado alikuwa amesimama. "Mi sijui mambo ya mugongo. Mi najua bakuli yangu. Tangu mama yao aende, bakuli yangu hairudiake tupu hapa, hata siku moja. Karoti, karoti, mpaka nimechoka na karoti. Nyumba yenye njaa inarudisha bakuli na kitu ndani? Niambie, dada."

Shangazi anatoka katika desturi ileile. Aliangalia lile bakuli juu ya rafu muda mrefu. Kisha akauliza kopo la mtoto liko wapi, akalifungua, akalinusa, akapitisha kidole kwenye pembe zake kuona kama limeoshwa vizuri. Alipoondoka, viazi alivyokuja navyo alituachia, na mtoto pia.

Jumatatu nilijaza kopo, na pembeni nikafunga viazi na sambaza wengine kidogo kwa ajili ya wale waliokuwa wamezoea kugawiwa. Nilimwambia kitindamimba aseme "dagaa". Alikataa kabisa. Alisema Madamu sasa anajua.

Ziwa limefungwa tena sasa, samaki wanaachwa wazaliane, na mama jirani amekwenda kukaa kwa binti yake Rugerero mpaka litakapofunguliwa. Bakuli lake, alilotuletea asubuhi ya mwisho likiwa limejaa, liko kwangu. Pikipiki hadi huko si safari ndefu, na Jumapili mbili nimelitoa kwenye rafu, nikalifuta, nikalirudisha palepale. Tupu siwezi kulipeleka. Na kupeleka karoti tena, kwa mtu aliyenitetea vile, naona haya. Kitindamimba ananiuliza kila siku tutatia nini ndani.