Guzzi ya Baba Ilivyompiga Teke Kaka Marselino

Siku ya arobaini ya baba, pikipiki yake ilimpiga teke kaka Marselino mbele ya ukoo mzima.

Sitanii. Ifakara, mwaka 1996, saa nne asubuhi, wali bado uko jikoni.

Baba yangu, mzee Fulgensi, alikuwa na pikipiki aina ya Guzzi, nyekundu, ya kizamani, aliyoachiwa na Mwitaliano mmoja waliyefanya naye kazi Kidatu. Ilikuwa na gurudumu la chuma linalozunguka nje ya injini, na mlio wa taratibu, pu, pu, pu. Ukisikika njia ya Kivukoni, mama anaweka maji ya kuoga.

Mimi Luciana ndiye mtoto wake pekee. Nilijua kushika spana kabla sijajua kusuka ukili. Nikiwa na miaka kumi na sita nilikuwa naiendesha hadi Michenga, yeye amekaa nyuma anapiga mluzi.

Sasa kwetu, siku ya arobaini vitu vya marehemu vinagawiwa. Baba mkubwa Hermenegildi akasimama, akatangaza kwamba pikipiki anapewa mwanawe, Marselino.

"Baba mkubwa, hiyo pikipiki ni yangu," nikasema.

Wazee wakageuka kunitazama. Binti haongei pale.

"Umeona wapi mwanamke anaendesha pikipiki hapa Ifakara?" akauliza baba mkubwa.

"Masista wanaendesha."

"Wale wameolewa na Mungu. Wewe hata na binadamu bado."

Wakacheka. Nilishikwa na hasira hadi masikio yakapata moto, lakini machozi sikuwapa.

"Kaifute vumbi," akaniagiza. "Kaka yako ataiwasha tuione."

Nikaifuta. Kuanzia taa hadi bomba la moshi, polepole, kwa khanga yangu ya msiba.

Marselino akaja na miwani ya jua, vifungo vitatu vya shati viko wazi. Akapanda, akakanyaga kiki kwa nguvu zote.

Kiki ikamrudi kwa kishindo. Jamaa akaangukia masufuria, mguu kaushika kwa mikono miwili.

Akajaribu tena. Ikampiga tena.

Mtu akanong'ona, "Marehemu hataki."

Baba mkubwa akarudi nyuma hatua mbili. Macho yote yakamgeukia shangazi Stefania, dada yao pekee, maana kwetu shangazi akishatamka kwenye msiba hakuna wa kumpinga.

Shangazi akaitazama pikipiki, akanitazama mimi.

"Fulgensi amekataa," akasema. "Luciana, jaribu wewe."

Nikakunja gauni, nikapanda, nikashika usukani. Kiki moja tu. Pu, pu, pu.

Sikusubiri wali. Nilizunguka nayo mji mzima, sokoni hadi stesheni, nikipita mbele ya kila kijiwe cha wanaume. Walioniita mhuni niliwapigia honi.

Wiki iliyofuata shangazi akaja nyumbani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nipeleke Michenga nikaone mpunga wangu."

Akakaa nyuma yangu. Nilipotaka kukanyaga kiki, mkono wake ukapita begani kwangu, ukagusa kileva, kile kijiti kidogo cha chuma upande wa kushoto wa usukani.

"Si hiki ulichokisogeza ulipokuwa unafuta vumbi?"

Nikauondoa mguu kwenye kiki.

Ndiyo, wadau. Pikipiki zile za zamani zina kileva cha kuchelewesha cheche ya plagi wakati wa kuwasha. Kikikaa vibaya, injini inakurudishia kiki mguuni. Nilikisukuma kwa kidole gumba, chini ya khanga, na zamu yangu ilipofika nikakirudisha. Marehemu hakuhusika hata kidogo.

"Shangazi, umejuaje?"

"Baba yako alinifundisha mimi kabla yako. Mwaka sabini na nane. Hermenegildi akanikataza, nikatii."

Niliposikia anapumua kwa shida, nilijua analia, na mimi nikaumia naye.

"Miaka kumi na nane najuta," akasema. "Haya, washa. Tukishatoka mjini, unipishe mbele."

Nikampisha. Alikuwa na miaka hamsini na minne, kilemba kinapepea, na aliikanyaga Guzzi hadi nikamshika kiuno nikisali.

Funzo langu ni hili: wakikalia kilicho chako, usipoteze muda kuwaomba wasogee. Jifunze kukiwasha vizuri kuliko wao. Watasogea.